Tupeane uzoefu: kujitolea kwenye kambi ya michezo ya vijana kimisheni

Filimbi
Bwana asifiwe wapendwa. Likizo inakaribia, timu nyingi zinafunga mizigo kwenda kuhudumu kwenye kambi za michezo. Tuwekeane hapa mambo ya kazi yenyewe: vifaa, ratiba, usalama, neno. Simulizi za safari zina mahali pake. Hapa anayejua jambo alitaje na sababu yake.

Naanza na foleni, maana ndiyo inayoua kambi. Ukiwapanga watoto 24 mistari miwili, mmoja mmoja akapige mpira golini kwa sekunde kumi, kila mtoto anasubiri dakika mbili ili aguse mpira mara moja. Hapo ndipo ugomvi na utoro vinapozaliwa, halafu tunasema watoto wa huku ni watukutu.

Watoto haohao 24 wagawe viwanja vitatu, mita 20 kwa 30, wanne kwa wanne, bila kipa. Koni nne za kona na nne za magoli yenye upana wa mita mbili, jumla koni 24. Mechi ya dakika tano. Ikiisha, washindi wanahamia uwanja wa kulia, walioshindwa wa kushoto. Raundi nne tu na wenye uwezo unaolingana wanakuwa wamekutana wenyewe, hujamwaibisha mtu kwa kumwita dhaifu.

Mama Koni
Naongezea vifaa. Mpira wa miguu namba 4 ni wa miaka 8 hadi 12, namba 5 kuanzia 13. Kikapu: namba 5 kwa wadogo, 6 kwa wasichana wakubwa, 7 kwa wavulana wakubwa. Mtoto wa miaka tisa akipewa namba 7 hurusha kwa kiuno na mgongo, na mkao huo mbaya humkaa.

Sheria za soka zinaruhusu upepo wa 0.6 hadi 1.1 kwa kipimo cha bar. Uwanja ukiwa mgumu, jaza upepo karibu na 0.6, la sivyo mpira unadunda hadi kifuani na pasi ya chini haiwezekani. Sindano ya pampu ilowanishe kabla ya kuichomeka. Ikiingia kavu inachana vali, na mpira uliochanika vali hauna fundi kambini. Beba sindano tano, zinavunjika kuliko kitu kingine chochote kwenye begi. Vizibao 12 vya rangi moja vinatosha watoto 24, wengine wanacheza na nguo zao.

Na magoli ya kuhamishika: yafungwe chini kwa vigingi au mifuko ya mchanga kabla mtoto hajakanyaga uwanja. Watoto huning'inia kwenye mwamba wa juu, goli linapinduka, na yamewahi kuua. Hamna cha kulifunga? Lilazeni chini, tumieni koni.

Sanduku Jeupe
Afya. Fomu ya mzazi iulize pumu, kifafa, mzio, seli mundu, dawa anazotumia, na nani anaruhusiwa kumchukua jioni. Kila kocha awe na nakala ya kikundi chake mfukoni. Fomu zikifungiwa ofisini hazimsaidii mtu uwanjani. Mwenye seli mundu apumzike na anywe maji kabla hajaomba. Kumlazimisha amalize mbio ni kumwitia maumivu makali. Mwenye pumu, kopo lake la kuvuta liwe pembeni ya uwanja, si bwenini.

Maji yanywewe kila dakika 15 hadi 20 kwa filimbi, si kwa ruhusa. Akianza kuyumba, kuongea ovyo au kuzimia huku mwili unawaka, hilo ni joto limempiga: mpoze hapohapo kwa maji baridi mengi mwili mzima, huku mwingine anatafuta gari. Kupoza kwanza, safari baadaye. Kumkimbiza na gari lenye joto bila kumpoza ndiyo hatari yenyewe.

Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu hata kidogo, akatapika, akasahau matokeo au akaona mawili, harudi uwanjani siku hiyo hata akilia. Kifundo kilichoteguka: barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, bandeji, mguu juu. Kuchua siku mbili za mwanzo kunaongeza uvimbe, kwa hiyo wazee wa kuchua tuwaombe wasubiri. Damu ya pua, ainamishe kichwa mbele na abane pua dakika kumi bila kuchungulia. Radi ikisikika, wote ndani, na msirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Winga
Sanduku Jeupe, vipi kuhusu maombi na kumpaka mafuta aliyeumia?

Sanduku Jeupe
Omba huku unafunga bandeji, ndugu. Mikono ina kazi, mdomo una nafasi.

Mkalimani
Wanaokwenda kunena kwa kutafsiriwa: dakika 10 za neno zinakuwa 20, na mtoto aliyetoka kukimbia hakai 20. Andaa dakika tano. Sema wazo zima, fupi, kisha nyamaza. Ukikata sentensi katikati, mkalimani anakisia mwisho wake. Mpe mistari ya Biblia jana yake aisome kwenye toleo la wenyeji. Watazame watoto, usimtazame yeye. Utani wa maneno uache nyumbani.

Mlinzi wa Zamu
Hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto, iwe bwenini, garini au kwenye "ushauri wa kiroho". Ushauri ufanyike mahali panapoonekana. Kila anayejitolea alete hati ya tabia njema na barua ya mchungaji, na hili lianze miezi kadhaa mapema kwa sababu hati huchelewa. Namba za simu hazibadilishwi na watoto. Mawasiliano yote yapitie kanisa mwenyeji. Picha ni kwa ridhaa ya mzazi, na isiambatane na jina wala kijiji.

Filimbi
Tuje kwenye neno. Mzazi aandikiwe kwenye fomu kwamba kambi ni ya kikristo na kutakuwa na mafundisho. Kumwita mtoto kwa mpira halafu umhubirie bila mzazi kujua ni hila, na jirani wa imani nyingine hatasahau.

Mimi sikubaliani na kuita watoto wote wanyooshe mikono kumpokea Yesu siku ya mwisho. Kocha waliyempenda wiki nzima akiuliza, watanyoosha wote, kisha ripoti inabeba idadi isiyo na watu.

Winga
Hapo nakupinga kidogo. Asipoitwa ataamuaje? Mwito uwepo, ila ufanyike kwenye vikundi vya watoto sita hadi wanane, na kiongozi wa kanisa la pale, si mgeni.

Filimbi
Hivyo nakubali. Huyo kiongozi ndiye atakayemwona Jumapili ijayo.

Mama Koni
Kwa neno fupi, Eric Liddell, mkimbiaji Mkristo wa Uskoti, anawafaa wanamichezo, lakini msimulie sawasawa. Hakukataa mita 100 za Olimpiki ya Paris 1924 dakika za mwisho. Alijua miezi mapema kwamba mchujo ni Jumapili, siku aliyoitenga kwa Bwana, akajifunza mita 400, akapata dhahabu. Mwaka 1925 alikwenda China kama mmisionari, akafa 1945 katika kambi ya kizuizi ya Wajapani huko Weixian, China. Humo aliendesha michezo ya vijana. Mwanzoni hakuchezesha Jumapili, ila walipopigana wakicheza bila mwamuzi, akakubali kushika filimbi. Kipande hicho vijana hukijadili kuliko medali.

Mwenyeji
Mimi nasemea upande wa wanaopokea wageni. Makocha wetu wapo, wapeni filimbi kuanzia siku ya kwanza, nyie muwe wasaidizi. Viatu na jezi msigawe uwanjani, kwa maana aliyekosa ataondoka na uchungu na anayefuata atakuja kwa ajili ya viatu. Vikabidhini kwa kanisa kwa orodha iliyosainiwa, vibaki vya kuazimwa. Msiahidi kumsomesha mtoto wala kumpeleka akademi. Na kabla hamjapanda gari, kaeni na makocha saa moja, mpange siku ya mazoezi ya kila wiki na nani anatunza pampu.