Fangasi wa koo: mliowahi kumeza flukonazoli, tupeane uzoefu

Mtoto wa Ilala
Habari zenu wakuu. Naanza mwenyewe ili mwenye haya asiogope. Mwezi wa tatu niliamka ulimi una utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Ukikwangua kwa kijiko panabaki pekundu, panauma. Duka la dawa wakasema tonsili, nikapewa amoksisilini. Nikamaliza dozi, utando ndio kwanza ukashamiri. Nikarudi, nikapewa nistatini, dawa ya fangasi ya maji. Mdomo ukaanza kusafika, lakini shida ikahamia chini: tonge la ugali nilikuwa nalisikia likishuka kama kaa la moto hadi katikati ya kifua. Nikawa mtu wa uji tu. Kilo saba zikaondoka.

Mke wangu ndiye aliyenikokota hospitali. Kupimwa, virusi vya UKIMWI vipo, CD4 (askari wa kinga mwilini) 62. Nilidhani wataniingiza mpira wa kamera, daktari akasema hapana, kwa hali hii tunatibu kwanza, usipopata nafuu ndani ya wiki ndipo tuchungulie. Flukonazoli 400 mg siku ya kwanza, halafu 200 kila siku mpaka zitimie siku 21. Siku ya nne nilimeza wali, nikalia. Leo ni siku ya kumi, siumwi popote, na kusema kweli nashawishika kuviacha vilivyobaki. Nani kapitia haya?

Kipepeo wa Tanga
Kaka usithubutu! Mimi niliacha siku ya sita, vilivyobaki nikampa jirani ambaye mwanawe alikuwa na mashilingi kichwani (ujinga mtupu, najua). Wiki tatu haziishi, koo likarudi kulekule. Nikanunua tena, nikanywa nusu tena. Safari ya tatu dawa ikagoma kabisa, kliniki wakanifokea kwamba nimemfundisha fangasi kuizoea. Nilibadilishiwa dawa. Na nikwambie, kilichomaliza tatizo moja kwa moja ni ARV, dawa za kufubaza virusi. CD4 zilipopita 200, sijauona tena ule utando.

Bint Likoni
Jamani si virusi peke yake. Mimi nina pumu, navuta dawa ya steroidi asubuhi na jioni. Utando uliponitokea, mume wangu alininunia wiki nzima kwa alichokidhania, nikapimwa mara mbili, sina. Daktari akaniuliza swali moja tu: ukishavuta, wasukutua? Nikamwambia sijawahi kuambiwa. Nilipewa nistatini, na tangu siku hiyo kikombe cha maji hukaa kando ya pampu. Navuta, nasukutua, natema. Mume aliomba radhi, ila hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Nesi wa Zamu
Mtoto wa Ilala, nistatini haikukosea, ilitumwa mahali pasipo pake. Haifyonzwi kuingia damuni, inaua pale inapogusa. Ndiyo maana tunasema uishike mdomoni, uizungushe kwanza ndipo umeze. Kwenye umio, njia ya chakula kifuani, inapita tu. Flukonazoli inaingia damuni, inafika hadi huko. Na ile amoksisilini iliua bakteria wanaomzuia fangasi asitambae.

Lingine muhimu kuliko hayo: kwa CD4 62, uliza kama damu yako imepimwa kriptokoka kabla hujaanza ARV. Huyo ni fangasi wa utando wa ubongo, na hizo mg 200 zako za flukonazoli hazimtoshi. Mwenye mimba au anayemeza dawa za TB aseme mapema, rifampisini inaipunguza nguvu flukonazoli. Wazee wa meno ya bandia, vueni usiku.

Mzee wa Chalinze
Mimi yangu ni ya kisukari. Nameza glibenklamidi miaka mingi. Nikaandikiwa flukonazoli, daktari hakuuliza ninachomeza, nami nikanyamaza. Siku ya tatu, nakunywa chai barazani, kikombe kikaanza kugonga kisahani chenyewe. Jasho shati lote. Mjukuu akakimbia kuleta mashine: sukari 2.8, imeshuka mno. Akaninywesha soda mimi nikimtazama kama simjui. Kumbe hizi mbili zikikutana, ile ya sukari hukaa mwilini na nguvu yake huzidi. Sasa nikiingia kwa daktari, kabla ya salamu namwaga pakiti zote mezani.

Mtoto wa Ilala
Shikamoo mzee, na pole. Nina ya presha pia, nitakwenda nayo. Nesi, hicho kipimo hakuna aliyenitajia, kesho asubuhi nipo dirishani naulizia. Vimebaki vidonge 11, nimemkabidhi mama watoto avihesabu. Swali dogo: mnameza kabla au baada ya kula? Mimi vikikuta tumbo tupu ni kichefuchefu hadi saa nne.

Nesi wa Zamu
Yote sawa. Wewe kula kwanza.

Kipepeo wa Tanga
Mimi nilikuwa nameza na ndizi mbivu. Jaribu.