Naomba ushauri: mchezaji akiumia, kocha wa kujitolea anabeba jukumu gani?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha timu ya vijana chini ya miaka 15, kwa kujitolea tu. Jumamosi wawili waligongana vichwa wakigombea mpira wa juu. Mmoja akainuka, akaniuliza mara tatu mfululizo, "Kocha, ngapi ngapi?" Nikamtoa. Baba yake akaja juu, eti namharibia mtoto mechi. Sikumrudisha, maana anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hachezi tena siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko fiti.

Usiku usingizi haukuja. Sanduku letu la huduma ya kwanza lina bandeji mbili na chupa ya spiriti iliyokauka, basi. Christian Eriksen, yule mchezaji wa Denmark, moyo wake uliposimama akaanguka uwanjani mwaka 2021, aliokolewa kwa kukandamizwa kifua na mashine ya kushtua moyo. Kwetu nani angeanza?

Wanasheria na makocha wazoefu, nisaidieni. Ile fomu ya wazazi ya "hatutadai chochote" inanikinga kweli hata kama nimezembea? Cheti changu cha huduma ya kwanza kimeisha muda (aibu yangu), je, hilo linanibana? Na mzazi aking'ang'ania mtoto arudi uwanjani, neno la mwisho ni la nani?