MREJESHO: Mbwa wangu wa goti, sasa anakanyaga

Wakuu habari za jioni, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu Simba, mbwa wangu aliyekatika ligamenti (ule mshipa mgumu unaoshikilia mifupa) ya goti la nyuma akafanyiwa upasuaji Dar, tumerudi naye huku Mtwara akawa hataki kabisa kukanyaga. Asanteni sana kwa majibu.

Kilichosaidia kuliko vyote ni sakafu aisee, nyumba yetu hapa Shangani ina tailizi na kila akijaribu kusimama mguu unateleza, mama watoto akatandika mikeka na magunia kuanzia anapolala mpaka mlangoni, siku hiyohiyo nikamuona anagusa chini kwa kucha tu, anauinua, anagusa tena, yani nilifurahi mpaka nikaita majirani. Kutembea ni kwa kamba, dakika tano tano, tena polepole maana akienda haraka anaruka kwa miguu mitatu. Ufukweni bado marufuku.

Aliyeshauri nimpe diclofenac, ile dawa ya maumivu ya watu, ya duka la dawa, hapana ndugu yangu, daktari wa mifugo kakataa katakata, inaweza kumletea vidonda vya tumbo na kuharibu figo, atumie alizoandikiwa yeye tu.

Paja bado limekonda. Daktari kasema kupona ni kama wiki 8 mpaka 12, na mbwa wengi baadae hukatika na goti la pili, kwahiyo ugali tumempunguzia asinenepe, analalamika kweli lakini hatulegezi.