"Fear", "afraid" na "scare": sentensi zinakosewa wapi?

Mdau wa Masasi
Shikamooni walimu wa humu. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Kwenye daftari lake "I am fearing the exam" na "I fear of snakes" zote zimekatwa kwa wino mwekundu, maelezo hakuna. Kamusi inasema "fear" ni kuogopa, basi. Kosa liko wapi?

Mwalimu wa Mikindani
Marahaba ndugu. Hayo ni makosa mawili tofauti.

La kwanza ni "-ing". Sisi tuna "naogopa" moja tu, iwe hofu ya sasa hivi au ya siku zote, ndiyo maana mtoto anaona "am fearing" iko sawa. Kiingereza kinaweka "fear" kundi moja na "know", "want" na "believe", vitenzi vya hali ya moyoni, ambavyo kwa kawaida haviingii kwenye wakati unaoendelea. "I fear the exam" inatosha.

La pili ni "of". "Fear" ikiwa kitenzi inamshika mtendwa moja kwa moja: "Fishermen fear the storm". "Of" inakuja "fear" ikiwa nomino, "her fear of snakes", au ukitumia kivumishi, "She is afraid of snakes". Mdogo wako kachanganya sentensi mbili sahihi, ikatoka moja mbovu. Mfundishe kipimo hiki: mtu anayeogopa akifuatwa na am, is, are, was au were, weka "afraid of". Hakuna hata kimoja? Weka "fear" peke yake, bila "of".

Ajue pia kwamba katika mazungumzo Waingereza husema zaidi "I'm afraid of" au "I'm scared of". "Fear" imezoeleka zaidi kwenye maandishi: magazeti, barua rasmi, vitabu vya dini. "Fear God" ni kumcha Mungu, na hapo usibadilishe.

Binti Nachingwea
Naongezea "for", maana inageuza maana yote. "The mothers feared for their sons": hawawaogopi watoto wao, wanawahofia wasipatwe na baya. Likifuata tukio zima, tumia "that": "Farmers fear that rain will spoil the cashew flowers".

Kwenye "afraid" kuna mtego mwingine. "He is afraid to cross the Ruvuma": hathubutu kuvuka, uamuzi ni wake. "He is afraid of falling into the water": kuanguka si uamuzi wake, ni jambo linaloweza kumpata. Hapo "afraid to fall" haikai vizuri.

Mhariri wa Lindi
Kauli ya kutendwa nayo inawaangusha wengi. "I was feared" si "niliogopa". Maana yake watu waliniogopa mimi.

Kwenye habari utakuta "Three fishermen are feared dead", yaani wanahofiwa kuwa wamekufa, bado haijathibitishwa. Vifo vikithibitishwa, "feared" inaondoka. Ukiiacha, habari inakuwa na kosa la ukweli, si la sarufi tu.

Na barua ikisema "I fear your application is late", mwandishi haogopi kitu, anakupa habari mbaya kwa adabu. "I'm afraid" hufanya kazi hiyohiyo na ndiyo inayosikika zaidi.

Mdau wa Masasi
Ahsanteni sana, nimeelewa. Na "scare" je?

Mwalimu wa Mikindani
Hiyo ni kutisha, kwa hiyo kinachotisha kinatangulia: "The snake scared me". Akiandika "I scare snakes", yeye ndiye anayewatisha nyoka.

Mpe zoezi: aandike sentensi tano za "naogopa", kisha kila moja aigeuze mara tatu, hivi: "I fear dogs. I am afraid of dogs. Dogs scare me." Akishindwa ile ya tatu, mwulize kwa Kiswahili nani anamtisha nani, kisha aanze na huyo anayetisha.