Ejenti anasema bima ya nyumba inashika mafuriko ya mto Tana, nilipe ama ni stori?

Mjenzi_Garsen
Habari za usiku wadau, nina swali na msinicheke tafadhali. Namalizia nyumba ya mawe huku Garsen, vyumba vitatu na duka mbele, sio ukingoni kabisa mwa mto, kwa mguu ni kama dakika kumi hivi mpaka majini. Sasa kuna ejenti amenipata sokoni anataka nikate bima ya nyumba, ati moto, wizi, mafuriko, vyote vimo, na nikilipa wiki hii bei inashuka. Hiyo karatasi nimeisoma mpaka macho yakauma, naona moto, naona radi, mafuriko sijayaona popote. Nikimuuliza ananiambia "imo tu kaka, usijali". Ile Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024 mliona wenyewe, barabara ilikatika pale Gamba na watu wakaishia kambini. Mimi wakati huo kuta zilikuwa zimefika dirishani, maji yakaja yakasimama kozi ya tatu ya mawe, alama ya tope iko mpaka leo. Wife anasema hiyo pesa tununue mabati ya stoo tuachane na haya mambo. Kuna mtu hapa ashawahi kulipwa na bima sababu ya mto kweli?

zamani_wa_bima
Kaka usitoe hata shilingi kwanza. Mimi nimeuza bima miaka kadhaa kabla nirudi kwa maembe yangu, hii lugha ya "imo tu" naijua, niliitumia pia Mungu anisamehe. Iko hivi: bima ya moto inaanza na moto na radi. Mafuriko yanaingia kama nyongeza, pamoja na tetemeko, dhoruba na bomba kupasuka, tulikuwa tunaita majanga maalum, na lazima yawe yameandikwa kwenye polisi yako, yaani mkataba wa bima. Zile za kifurushi cha nyumba mara nyingi mafuriko yamo, lakini wakisikia nyumba iko kando ya Tana wengine wanayatoa ama wanakupandishia premiamu, ile ada unayolipa, so usitegemee jina la kifurushi, tafuta neno mafuriko na usome wanavyolieleza.

Halafu umesema nyumba NA duka. Kama fomu imesema nyumba ya kuishi tu na unauza unga hapo mbele, siku ya klemu, yaani kudai fidia, hilo ndo shimo la kwanza. Jengo linaandikwa kivyake, vitu vya ndani kivyake, stoki ya duka kivyake.

Na usiteremshe thamani ili ulipe kidogo. Tuseme kuijenga upya ni 2,000,000 wewe ukaandikisha 1,000,000, maji yakala ya 400,000. Hawakupi 400,000. Watasema umekata bima ya nusu nyumba, kwa hivyo hasara yako pia ni nusu, 200,000, na hapo bado hawajatoa ekses, ile sehemu ya kwanza unayobeba mwenyewe. Watu wengi Pwani wamelilia hapo.

Hiyo alama ya tope sasa ndo kesi yako yote. Fomu itauliza kama pale pamewahi kuingia maji. Andika NDIO, na mwaka, na yalifika wapi. Ukificha, asesa, yule mkaguzi wa hasara, akija anaongea na majirani kwanza, na jirani hawezi kunyamaza.

Mama_Ngao
Mimi nililipwa sifuri. Kampuni siitaji. Mwisho wa 2023 maji yaliingia dukani saa nane usiku, nikaamka nimekanyaga maji nikidhani mtoto amemwaga ndoo, kumbe magunia ya sukari ya chini yashaanza kuyeyuka, asubuhi sakafu nzima inanata. Nikajua nina bima. Kufika kule naambiwa kava yangu ni maji ya mvua yakiingia kwa paa likipeperushwa na upepo, ya mto hayamo 😭 Nimelipa miaka mitatu hiyo dada yangu, kaka zangu, miaka mitatu! Na risiti za stoki nilikuwa nimeziweka dukani humo humo, zikalowa zote. Sahii napiga picha kila risiti ikiingia naweka kwa simu na namtumia binti yangu Mombasa. Mwenye shida kama yangu aandike malalamiko kwa IRA, ndio wanaosimamia hizi kampuni. Mimi nilikata tamaa mapema, nikasema nauza mandazi nianze upya, na nikauza.

mzee_wa_mto
Mwanangu Mjenzi, hawa wamekueleza karatasi, mimi nikueleze mto. Tana haungoji mvua ya Garsen. Jua linaweza kuwa kali na vumbi njiani, usiku mto ukapanda, kwa sababu maji ni ya Mlima Kenya na Aberdare. Masinga ndio bwawa la kwanza huko juu, likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari limejaa, yanayozidi yanamwagika kwenda mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, na baada ya hapo hakuna cha kuyazuia mpaka yatukute sisi. Lakini maji hayo yanasafiri siku kadhaa. Ukisikia redioni Masinga imejaa na Garissa mto unapanda, wewe unayo nafasi ya kuhamisha stoki, usingoje uone maji.

Nyumba yangu ya sasa niliijenga juu ya alama ya maji ya 1997, ile El Niño, iko kwenye shina la mwembe wa marehemu baba. Sakafu nikaiweka mkono mzima juu ya alama. Watu walinicheka ati najenga ngazi kama ya msikiti. Swichi za umeme ziweke juu, na rafu ya chini kabisa ya duka weka vitu visivyoharibika na maji, sabuni ya kipande nayo inaharibika usijidanganye.

mfugaji_wa_bara
Tusisahau wenye mifugo jamani. Ile bima ya mifugo ya serikali, KLIP, Tana River ilikuwemo, lakini ilikuwa ya ukame, setilaiti ilikuwa inaangalia majani yamekauka kiasi gani. Mbuzi wangu walisombwa majani yakiwa kijani kibichi kabisa. Setilaiti inaona neema 😂

Mjenzi_Garsen
@mfugaji pole sana, nimecheka halafu nikaona aibu. Swali moja tu, kuna hii sheria ya mita 30 kutoka mtoni, inanihusu?

zamani_wa_bima
Hiyo ni ukanda wa mto, mita 6 mpaka 30 kutegemea alama ya juu kabisa ya maji. Kwa dakika kumi za mguu sidhani inakugusa, lakini kwa kuwa maji yashafika kwako, thibitisha kwanza. Ila ni ya kuulinda mto, sio wewe, maji ya Tana yakitoka hayapimi mita.

Mjenzi_Garsen
Nimerudi na mrejesho. Nimepima alama, sentimita 62 kutoka chini, sakafu yangu iko 45 🤦 Fundi anasema duka bado linaweza kuinuliwa kwa sababu hatujamwaga zege la mwisho, vile vyumba ndo basi. Pesa ya premiamu imeingia kwa kifusi kwanza. Ejenti nimemwandikia anitumie ukurasa wenye neno mafuriko, na nikamtumia picha ya alama. Amenipigia, hakuandika. Ananiambia nipige plasta hapo kabla mtu wa ofisi hajaja kupiga picha za nyumba.

Mama_Ngao
Block.