Kwa nini Palwankar Baloo hakupewa unahodha wa timu ya Wahindu?

Mwalimu_Nyegezi
Salaam wanajukwaa. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Mwanza, na katika klabu yetu tumekuwa tukijadili ubaguzi wa enzi za ukoloni, hasa namna shule za Tanganyika zilivyotengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Mwanafunzi mmoja, ambaye wazee wake walifungua duka mjini baada ya reli kufika mwaka 1928, aliuliza iwapo Wahindi walibaguana wenyewe kwa wenyewe. Nikamtajia Palwankar Baloo, mchezaji wa kriketi aliyezaliwa mwaka 1876 katika jamii ya walioitwa "wasioguswa", watu wa chini kabisa katika matabaka ya Wahindu. Ningependa kuelezwa jinsi jambo hilo lilivyokuwa likitendeka siku kwa siku: waliwezaje kumhitaji uwanjani na kumkataa nje ya uwanja?

Mdau_wa_Isamilo
Mwalimu, shikamoo. Baloo alizaliwa Dharwad, India, na kukulia Poona (leo Pune). Timu za kriketi za huko ziligawanywa kwa dini na asili, ndiyo maana kulikuwa na timu ya Wahindu. Kazi yake ya kwanza, katika klabu ya Waparsi (Wahindi wenye asili ya Uajemi), ilikuwa kufagia na kusawazisha kiwanja kwa rupia 3 kwa mwezi. Kisha akahamia klabu ya Wazungu kwa rupia 4. Huko ndiko alikoanza kuwarushia mipira mabwana waliokuwa wakifanya mazoezi, kwa mkono wa kushoto, akitegemea zaidi kuuzungusha mpira kuliko kasi. Inasimuliwa kwamba J. G. Greig, mpigaji hodari kuliko wote klabuni, alimlipa nusu rupia kila Baloo alipofaulu kumtoa mchezoni kwa mpira wake. Gongo la kupigia mpira, hata hivyo, hawakumpa. Kurusha mpira mchana kutwa kulihesabiwa kuwa kazi ya mtumishi, na kupiga kulihesabiwa kuwa starehe ya bwana.

Wahindu wa Poona walipotaka kushindana na Wazungu hao hao, walibishana kwanza kama inafaa kumchukua, kisha wakamchukua, maana hapakuwa na mrushaji aliyemfikia. Wakati wa mchezo alikuwa mwenzao. Ulipofika wakati wa chai, yeye alimiminiwa nje ya banda katika kikombe cha udongo cha kutupwa, ilhali wengine walikunywa ndani katika vikombe vya kaure; chakula pia alikula peke yake. Kinachonishangaza zaidi ni mpira wenyewe. Jamii yake ilidharauliwa kwa sababu ya kazi ya ngozi, na mpira wa kriketi ni wa ngozi, lakini ulipotoka kiganjani mwake hakuna mwenzake aliyesita kuudaka.

Tauni ilipozuka mwaka 1896 alihamia Bombay (leo Mumbai), akaajiriwa katika shirika la reli na kuchezea klabu ya Wahindu ya huko. Mwaka 1906 timu ya Wahindu iliwashinda Wazungu wa Bombay kwa mikimbio 109, yaani pointi 109. Mwaka 1911 alikwenda Uingereza na timu ya kwanza ya India nzima, chini ya Maharaja wa Patiala. Timu ilifungwa mara nyingi, ila Baloo alirudi na wiketi 114, yaani aliwatoa wapigaji mara 114.

Kirumba_Msomaji
Ndugu wa Isamilo ameeleza vyema. Ningeongeza jambo moja tu, ili wanafunzi wasidhani kwamba wiketi hizo zilimaliza mambo. Chai hatimaye alinyweshwa ndani. Unahodha ndio uliobaki umefungwa, kwa sababu nahodha huamuru, na waliopaswa kuamriwa walikuwa watu wa matabaka ya juu, wakiwemo Mabrahmani, tabaka la makuhani. Mwaka 1920 aliachwa nje ya timu kabisa, na unahodha ukapewa M. D. Pai. Ndugu zake Baloo, Shivram na Vithal, waliokuwa wachezaji mahiri vilevile, wakajitoa kwa kupinga. Baada ya mabishano makubwa walirejea, naye Baloo akafanywa nahodha msaidizi. Mwaka 1923 Vithal alikabidhiwa timu, na Wahindu wakatwaa kombe. Baloo wakati huo alikuwa mtu wa miaka 47.

Kwa maoni yangu, mgomo wa wale ndugu wawili unastahili nafasi kubwa darasani kuliko hesabu ya wiketi. Wiketi zilikuwepo miaka mingi bila kumpatia unahodha.

Mwalimu_Nyegezi
Nawashukuru sana. Ninajua kwamba B. R. Ambedkar, mwanasheria na mtetezi wa wasioguswa, naye alitoka katika jamii za wasioguswa. Je, wawili hawa walikuwa upande mmoja?

Mdau_wa_Isamilo
Mwanzoni ndiyo, Mwalimu. Ambedkar kijana alimhesabu Baloo kuwa shujaa wa watu wao. Walitofautiana baadaye, pale Ambedkar alipodai wasioguswa wachague wawakilishi wao peke yao, ilhali Baloo aliegemea kwa Gandhi, aliyepinga dai hilo kwa kufunga kula mwaka 1932. Mwaka 1937 Congress, chama cha Gandhi, kilimsimamisha Baloo dhidi ya Ambedkar katika uchaguzi wa baraza la kutunga sheria la Bombay. Ambedkar alipata kura 13,245, Baloo 11,225.

Kirumba_Msomaji
Hapo, Mwalimu, wagawe wanafunzi makundi mawili wabishane. Wengi watamshangaa Baloo kwa kuwatumainia watu waliomnywesha chai nje, lakini wakumbuke pia kwamba baadhi ya Wahindu hao hao ndio waliomtetea mwaka 1920 apewe haki yake, na kwamba yeye, tofauti na Ambedkar, alikuwa ameona kwa macho yake mlango mmoja ukifunguka, hata kama ulimfungukia mdogo wake.