Naombeni ushauri: nianzie wapi kumweleza Nobuo Uematsu?

Habari zenu wakuu. Nafundisha kinanda vijana wanane, na Jumamosi ijayo nina nusu saa ya kuwaeleza safari ya Nobuo Uematsu, Mjapani aliyetunga muziki wa michezo ya video ya Final Fantasy. Nimemchagua kwa sababu piano alijifundisha mwenyewe, kama wengi wao, na kabla ya kuingia Square, kampuni iliyotengeneza michezo hiyo, alikuwa anafanya kazi kwenye duka la kukodisha muziki. Hilo linanigusa sana.

Nimekwama kwenye mpangilio. Nilijaribu kuanza na mchezo wa kwanza, wa 1987. Famicom, mashine ya kuchezea michezo ya video ya wakati huo, ilimpa sauti tatu za kupigia noti, na nyingine ya mchakacho kwa ajili ya ngoma. Basi nikawagawia vijana watatu kwenye vinanda viwili: besi, melodi, na sehemu ya katikati. Besi ikameza kila kitu, na wa katikati akashindwa kufuata zile noti zinazopanda na kushuka mbio. Wenzao wakaanza kupiga miayo.

Je, nianze na Final Fantasy VI ya 1994, lile onyesho la opera ambapo hata sauti ya mwimbaji inatengenezwa na mashine, halafu ndiyo nirudi nyuma? Na kwa mliowahi kupanga muziki wa aina hii, hiyo sehemu ya katikati niirahisishe vipi bila kuua ule mlio wake wa kumetameta? Kinanda kimoja hakina pedali.